Naomba ushauri: hija ya Santiago de Compostela na mama mwenye shida ya magoti

Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana ibada kubwa kwa Mtume Yakobo. Hamu yake ni kusali kwenye kaburi lililo chini ya altare ya kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, ambako mahujaji wamemiminika tangu Enzi za Kati. Tunafikiria kuanzia mji wa Sarria, kama kilomita 115 kutoka Santiago, maana anayekwenda kwa miguu hapewi cheti cha Compostela bila kutimiza angalau kilomita 100 na kugongewa mihuri miwili kila siku kwenye kitabu cha hujaji.

Shida ni magoti. Kilomita 12 kwa siku anaziweza, 20 hapana, na Galicia, mkoa tutakaopitia, ni vilima na mvua. Mliokwenda na wazee, mlilala wapi katikati ya vituo vikubwa? Mizigo mliitanguliza kwa gari?

Halafu 2027 ni Mwaka Mtakatifu, kwa kuwa Julai 25, sikukuu ya Mtume Yakobo, inaangukia Jumapili, na Mlango Mtakatifu, mlango wa kanisa hilo kuu unaofunguliwa miaka kama hiyo, utakuwa wazi. Mama anautamani sana mlango huo. Mimi naogopa msongamano kwa ajili yake. Mngekuwa ninyi, mngempeleka mwaka huo au mwaka mwingine wenye utulivu?