Naomba ushauri: ruta za minara inayotumia sola ya 48V

Wakuu, tuna minara minne ya kusambaza intaneti bila waya, yote kwenye sola yenye betri za asidi za 48V. Kila mnara una redio 5 au 6, na ule wa kati unabeba karibu Mbps 600 saa za jioni. Kati ya mnara na mnara tunatumia OSPF (itifaki ambayo ruta hutumia kupeana njia), maana tukiunganisha yote kama mtandao mmoja wa briji, yaani bila ruta kuutenganisha, kitanzi kimoja kinaangusha wateja wote.

Ninaielekea ruta ya MikroTik RB5009 yenye kutoa PoE (umeme wa redio kupitia kebo ya mtandao): inakula 24 hadi 57V moja kwa moja, haihitaji inveta ya kugeuza DC ya betri kuwa AC. Ruta yao nyingine, CCR2004, ina nguvu zaidi, lakini modeli zake za kawaida zinataka umeme wa AC, na inveta ndiyo hufa kwanza mnarani.

Tatizo ni chaja. Betri hizi zikichajiwa zinafika 57.6V, yaani juu ya kikomo cha ruta. Nishushe chaja hadi 56V, hata kama betri hazitajaa vizuri na sahani zitashika salfa? Au niweke kibadilishi cha DC cha kutoa 54V thabiti? Naona hiki ndicho salama, ila nataka modeli inayovumilia joto la kwenye boksi la bati.

Pia redio mbili ni za PoE ya 24V pasivu, yaani umeme unatumwa bila kupima kifaa kwanza. Zikipewa 48V zinaungua. Mnazilisha kwa injekta ya pembeni (kifaa cha kuingiza umeme kwenye kebo), au mnazibadilisha kabisa?

Na radi je: kinga mnaweka ncha zote mbili za kebo, au chini tu?