Naomba ushauri: jibu la muda limetoka hasi, nimekwama

Shikamooni walimu, kaka na dada zangu. Niko kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Mwalimu wetu wa fizikia ni mmoja na madarasa ni mengi, kwa hiyo jioni najisomea kwa video za mtandaoni bando likiruhusu.

Swali lenyewe: mpira unarushwa kutoka juu ya paa la jengo la mita 15, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, nyuzi 30 juu ya usawa. Utafika chini baada ya muda gani? g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 10.

Kasi ya kwenda juu nimepata 10. Nikaandika 15 = 10t − 5t². Haikutatulika kabisa, ndani ya kipeuo cha pili ilitoka −200. Nimerudia mara nne. Kwenye video mwalimu anaweka −15, anapata t = 3 au t = −1, kisha anaifuta −1 bila kueleza neno. Nikagawa safari mwenyewe: sekunde 1 kupanda mita 5, sekunde 2 kushuka mita 20. Jumla 3, kwa hiyo jibu lake nalikubali.

Ninachoomba kueleweshwa: kwa nini 15 iwe hasi wakati jengo limesimama kwenda juu? Na ile −1 ina maana yoyote kwenye safari ya mpira, au ni ya kufutwa tu? Sipendi kukariri, mtihani ukigeuza swali kidogo nitapotea.

Natanguliza shukrani.