Mrejesho: rangi ya tenki iliyotoa malengelenge

Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza kwanini rangi ya tenki la pikipiki yangu Boxer imetoa malengelenge siku mbili tu baada ya kupuliza. Mliosema ni mafuta na unyevu chini ya praima (rangi ya msingi) mlikuwa sahihi kabisa, nimekwangua yote, kwenye shingo ya mfuniko nikakuta chuma kina utelezi wa petroli na kutu inaanza. Safari hii nikapiga msasa 180 mpaka chuma kikang'aa, nikaosha kwa sabuni, nikaanika jua kali, nikafuta na thina (kiyeyushi cha rangi), ndo praima. Kabla ya rangi msasa 600 wa maji, halafu rangi mikono (tabaka) mitatu myembamba, kila mmoja nasubiri dakika kumi na tano. Klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, nimetumia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu), petroli ikidondoka haibabui. Asanteni sana wakuu, limetulia kweli.