Naomba ushauri: swichi kuu ya umeme ikae ndani au nje ya nyumba?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa mafundi umeme, na hasa waliowahi kufanya kazi ya zimamoto.

Nyumba yangu imefikia hatua ya kutandaza waya. Fundi amepanga swichi kuu ikae ndani, kwenye korido ya vyumba vya kulala, nami sijaridhika kabisa. Moto ukishika, nani ataingia kwenye moshi kuitafuta? Zimamoto watamwaga maji huku waya bado zina umeme. Kung'oa mita ili kuukata nako ni hatari, cheche zinaweza kumlipukia mtu usoni.

Marekani, kanuni za umeme za NEC toleo la 2020 zinataka nyumba za familia moja au mbili ziwe na swichi ya dharura nje, panapofikika kirahisi.

Sasa, boksi la nje nilitie kufuli? Naogopa wezi watazima taa usiku, lakini kufuli litawachelewesha waokoaji. Halafu kuna sola na betri. Nijuavyo, ukizima swichi kuu, paneli zinaendelea kuzalisha umeme maadamu kuna jua. Swichi yake nayo iwe hapohapo nje? Na nibandike maandishi gani yasomeke haraka?