Minazi 3000 kwenye brauza, simu inachemka kama pasi ya mkaa

mwana_kaole: Wakuu habari za saa hizi. Natengeneza magofu ya Kaole, kule Bagamoyo, kwa three.js (maktaba ya JavaScript ya kuchora 3D) ili mtu ayatembelee kwenye brauza tu, misikiti, makaburi, bahari kwa mbali, sasa kwenye laptopu inateleza freshi ila kwa simu ya dogo inakatakata balaa. Minazi iko kama 3000 na mawimbi nayahesabu kwa JavaScript kila fremu, yaani kila picha inapochorwa upya. Nakosea wapi?

fundi_dunda: Minazi 3000, unataka kukwea yote? 😂 Kaka hapo kila mnazi unatuma amri yake ya kuchora, CPU (prosesa kuu) ndo inakufa. Tumia InstancedMesh ya three.js, inachora nakala nyingi za umbo moja kwa mkupuo, mashina yote amri moja, makuti yote amri moja, basi. Mawimbi nayo hamishia kwenye vateksi sheda (kiprogramu kinachosogeza pointi za umbo ndani ya GPU, chipu ya michoro), we tuma muda tu, sin na cos iachie GPU.

bi_pikseli: Angalia na skrini. Simu yenye pikseli resho 3 (pikseli 3 halisi kwa kila 1 ya ukurasa, kwa upana na kwa urefu) inachora pikseli mara 9 ya resho 1, weka setPixelRatio isizidi 1.5. Halafu magofu si hayahami? Vivuli vyake vipike kwenye Blender (programu ya 3D) kabisa, yaani vichorwe mapema kwenye picha za kuta, simu isivihesabu tena.

mwana_kaole: Je nikihamia WebGPU, ile njia mpya ya brauza kutumia GPU?

fundi_dunda: Chrome ya kompyuta imeiwasha 2023 ila simu ya dogo usiitegemee, baki WebGL, ile njia ya zamani, kwanza.

mwana_kaole: Aisee InstancedMesh tu imetoka fremu 11 mpaka 40 kwa sekunde!! Vivuli kesho, umeme umekatika hapa.