Mpiga picha wa harusi milioni mbili na nusu, tena advansi asilimia 70: kazi au wizi?

Mhazini wa Kamati:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhazini wa kamati ya harusi ya mdogo wetu, ukumbi uko Sinza. Michango ndiyo kama mnavyoijua, ahadi kibao, pesa kiduchu. Jana kaja kijana na kamera yake, katupa bei: 2,500,000, picha za mnato na video, albamu moja, na asilimia 70 anataka aishike kabla hata kadi hazijagawiwa. Mwingine kasema laki sita kila kitu. Siku hizi simu ya shangazi tu inatoa picha safi. Sasa nauliza, hii ni taaluma ya kulipwa hivyo au tunalipia jina la Instagram? Halafu hawa watu kwenye pilau huwa wa kwanza, wakwe hata hawajanawa mikono.

Shata Elfu:
Ungeishia kwenye bei ningekujibu kwa adabu, mkuu. Pilau? Tunaingia saluni asubuhi bibi harusi bado ana vibanio kichwani, tunatoka ukumbini usiku wa manane tukikunja nyaya. Kuna kamati moja ilitupa soda moja watu watatu, tukaelekezwa tukanywee nyuma ya jenereta. Na video yao niliikabidhi kwa wakati.

Ngosha wa Nyegezi:
Hahaha, nyuma ya jenereta! Ila semeni ukweli, kuna jamaa nilimwona anachagua mapaja kama kaja na mahari.

Mtu wa Tanga:
Kwetu aliyeingia kwenye shughuli hula, awe mpiga picha, awe mpiga ngoma. Mgeni haulizwi kalipwa ngapi. Nyie wa kamati na vikuponi vyenu vya chakula ndio mlioleta mambo ya kuhesabiana sahani.

Mhazini wa Kamati:
Usinifundishe ukarimu, kaka. Mpishi analipwa kwa sahani. Sahani ikizidi, pengo naliziba mimi, si wewe wa Tanga.

Bi Albamu:
Jamani, swali lilikuwa bei. Niwape hesabu ya biashara kidogo, maana nimeifanya. Shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka kila ukibonyeza, kwenye bodi nyingi za kazi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, imepimwa kwa bonyezo 150,000 hadi 200,000. Harusi moja na sendofu yake unabonyeza mara 3,000 bila kujijua. Piga mwenyewe, harusi hamsini tu na bodi imeanza kuzeeka. Msimu nao una mashimo: Kwaresima Wakatoliki wengi hawaoi, Ramadhani Waislamu wengi hawaoi. 2025 mifungo hiyo miwili ilipishana siku chache, 2026 ikaanza wiki ileile. Mwezi mzima simu haiiti, na kodi ya ofisi mwenye nyumba anaitaka palepale. Huyo wa laki sita hana bodi ya pili wala memori kadi ya akiba. Kadi ikigoma wakati wa pete, mtamrudisha padri afungishe tena? Advansi si ujeuri. Tarehe akishawashikia nyie, Jumamosi hiyo kawakatalia wengine.

Ngosha wa Nyegezi:
Umeandika kama risala ya bwana harusi, dada, ila la pilau umelikwepa.

Bi Albamu:
Sijalikwepa. Sili ukumbini. Nabeba chapati zangu.

Ngosha wa Nyegezi:
Chapati kwenye harusi ya watu! Mwenye shughuli akikuona atadhani unaogopa kurogwa.

Kijana wa Mbezi:
Tuongee ukweli. Hakuna mtu aliyezeeka na kamera hapa Afrika Mashariki. Ni kazi ya ujanani, ukipata ajira unaacha.

Mzee Filamu:
Dogo, unaongea kwa uhakika mkubwa sana. Mpiga picha Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapahapa Dar mwaka 1963, akahamia Nairobi, 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia. 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono, akarudi kazini na wa bandia mpaka alipofariki 1996 kwenye ndege iliyotekwa. Nenda Mji Mkongwe pia, Capital Art Studio ya kina Oza ipo tangu 1930, baba kamwachia mwana. Michuzi naye katoka gazetini, akafungua blogu 2005, akaishia kumpiga picha Rais.

Kijana wa Mbezi:
Hao walipiga picha za mapinduzi na njaa, mzee wangu. Sisi tunazungumzia kukata keki.

Mzee Filamu:
Oza alikaa dukani akipiga familia za watu zimevaa nguo za Idi. Soma kwanza ndipo ubishe.

Mama Wawili:
Mkimaliza historia mniambie na hili. Mdogo wangu picha yake ya sendofu imebandikwa kwenye bango la saluni Mbagala. Hakuulizwa. Mpiga picha anasema picha ni zake, yeye ndiye aliyebonyeza. Tulimlipa hadi senti ya mwisho!

Shata Elfu:
Hakimiliki ipo, dada, sheria ya 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo pale. Msisahau nani kapiga.

Mtu wa Tanga:
Kupiga ni kimoja, uso ni kingine. Kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022. Uso wa mtu si tangazo la dawa ya nywele.

Ngosha wa Nyegezi:
Hiyo ya 1999 Zanzibar haifiki, wana yao.

Mama Wawili:
Mbagala iko Zanzibar tangu lini?

Bi Albamu:
Mama Wawili, kwenye mkataba mliandika nini kuhusu matangazo?

Mama Wawili:
Mkataba gani? Tulikubaliana WhatsApp, akanitumia namba ya kuweka hela na kikaragosi cha dole gumba.

Shata Elfu:
Ndiyo maana. Mkiambiwa msaini karatasi mnasema "huyu naye anajifanya mzungu".

Mama Wawili:
Hujanijibu. Ungekuwa wewe ungembandika?

Shata Elfu:
Ningemuuliza. Ila si wote tuko hivyo, na soko ni gumu.

Mhazini wa Kamati:
Nimesoma yote. Huyu wa milioni mbili na nusu nimemwomba ashuke, kagoma, kasema atapunguza droni tu. Kikao Jumapili, wanawake wa kamati wameshampenda, nadhani tutampa. Niambieni basi, kuponi zao niweke mbili au tatu?

Shata Elfu:
Nne. Kuna wa mnato, wa video, wa kushika taa, na dereva.

Ngosha wa Nyegezi:
Dereva?! Si mmesema droni imefutwa, sasa anaendesha nini?