Naomba ushauri: kaunsili ilipunguza huduma za mama mkwe wakati wa korona

Wakuu salaam, nipo Uingereza na mama mkwe wangu anaishi peke yake, ana stroku. Kabla ya korona wahudumu walikuwa wanapita mara nne kwa siku, 2020 kaunsili (halmashauri ya eneo letu) ikakata zikabaki mbili eti wafanyakazi hawatoshi, basi mpaka leo hazijarudi. Jioni hakuna wa kumbadilisha, namkuta asubuhi kalala na gauni la jana.

Sasa ile sheria ya dharura iliyoanza kazi mwisho wa Machi 2020 iliruhusu kaunsili kulegeza Care Act ya 2014 (sheria ya huduma za wazee na wagonjwa), lakini zilizotumia rasmi zilikuwa nane tu na ruhusa ilifutwa Julai 2021, hii yetu haikuwemo! Halafu CQC (wakaguzi wa huduma za afya na matunzo) wanakagua makampuni ya wahudumu, ila kumpimia mama mahitaji upya ni kazi ya kaunsili yenyewe, na wao kila nikipiga simu "tumekuweka kwenye foleni".

Aliyewahi kufika kwa Ombudsman (anayesikiliza malalamiko dhidi ya kaunsili) anisaidie, ule muda wa miezi 12 wa kulalamika wanahesabu tangu 2020 au tangu tulipojua? Na nianze na barua ya malalamiko kaunsili au nidai tathmini mpya kwanza?